Mbwa mdogo kwa lupango (uwanja wa nyumba) la Lubumbashi: yupi wa kwanza, yupi wa mwisho, na yupi usimguse kabisa

Mtu akitaka mbwa mdogo hapa Lubumbashi, kwanza huuliza bei. Mimi ningeanza na swali lingine: huyu mbwa amepataje kuwa mdogo? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mtaishi naye miaka 12 au 14, au kama watoto watamlilia kabla mvua haijarudi.

Udogo wenyewe si ugonjwa. Mwaka 2007 watafiti waligundua kwamba jeni moja, IGF1, ina mchango mkubwa katika tofauti ya ukubwa kati ya mbwa mkubwa na mdogo. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba namna ya jeni hiyo inayoleta udogo ilikuwemo tayari ndani ya mbwa mwitu walioishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Kwa hiyo mbwa mdogo anaweza kuwa mzima kama mkubwa, mradi udogo wake uwe wa ukoo. Kanishi (poodle) mdogo ni wa namna hiyo: wafugaji wamechagua wadogo wenye nguvu kizazi baada ya kizazi. Shnauza mdogo naye alitokea Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, wakati shnauza wa kawaida alipochanganywa na mbwa wadogo kama afenpinsha.

Iko njia nyingine, nayo ni mbaya. Mfugaji anachukua mtoto aliyezaliwa dhaifu kuliko wenzake, anamzalisha na dhaifu mwingine, kisha watoto wao tena. Hapo ndipo wanapotoka wale wanaoitwa mbwa wa kikombe, chini ya kilo 2 hata wakikomaa. Hakuna chama kikubwa cha wafugaji duniani kinachowatambua kama aina ya mbwa. Ni jina la kuuzia tu.

Na uko udogo wa uongo kabisa, ambao mnunuzi wa hapa anapaswa kuuogopa kuliko wote. Mtoto wa mbwa ni mdogo kwa sababu ana wiki 5, au kwa sababu ana minyoo, au kwa sababu hakunyonya vizuri. Ukimpeleka nyumbani, akila na kupewa dawa, anakua kama mbwa mwingine yeyote, lakini mara nyingi hafiki huko, anakufa mapema.

Mpime mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Fungua mdomo wake taratibu kwa vidole viwili. Meno ya utotoni ni 28, na karibu na wiki ya 8 mengi yao yanapaswa kuwa yametoka, ingawa aina ndogo huchelewa kidogo. Ukikuta ya mbele tu, na nyuma ni ufizi mtupu, huyo bado ni wa kunyonya, hata muuzaji aape. Kisha pitisha kidole katikati ya utosi: kama kuna pahali panabonyea, fupa la kichwa halijafunga. Kwa Chihuahua shimo dogo ni jambo la kawaida. Likiwa pana, au kichwa kikiwa kimevimba kama tungi na macho yanatazama pembeni, huenda kuna maji kwenye ubongo. Mweke chini kwenye sementi atembee. Akirukaruka kwa mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu, kisha akaendelea kama kawaida, kifuniko cha goti kinahama mahali pake. Shida hiyo ni ya mbwa wadogo wengi, na ikizidi inahitaji operesheni. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zinaonekana mara nyingi ni minyoo.

Halafu sema kwa heshima: “Papa, naomba nimuone mama yake.” Mfugaji mwema atafurahi kukuonyesha. Mama ndiye anayekuambia ukubwa wa mtoto, tabia yake na afya yake. Kama mama hayupo, yuko Likasi, yuko kwa shemeji, au muuzaji anataka mkutane kando ya barabara na mtoto yumo ndani ya katoni, rudi nyumbani na pesa zako.

Ukiambiwa ametoka Afrika Kusini na kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, omba karatasi za safari, kisha linganisha tarehe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Karne (kitabu cha chanjo) inayosema mtoto wa wiki 8 ameshachanjwa kichaa ina kasoro: ama umri ni wa uongo, ama chanjo ni ya uongo, ama ilitolewa mapema mno.

Sasa orodha yangu. Nimepanga nikifikiria familia ya kawaida ya Kampemba, Katuba au Ruashi: lupango lenye watoto, lango la bati lenye mwanya chini, umeme unaokatika, vumbi jekundu kuanzia Mei hadi Septemba.

Wa kwanza ni kanishi mdogo, yule wa sentimita 28 hadi 35 begani. Nasema huyo kwa makusudi, wala si yule mdogo zaidi wa 24 hadi 28. Sentimita hizo chache ndizo zinazomfanya mtoto wa miaka 6 aweze kucheza naye bila kumvunja mfupa. Ana akili sana, anajifunza haraka, hapukutishi manyoya ndani ya nyumba. Kazi yake ni nywele: hazisimami kukua, na zisipokatwa kila baada ya wiki 6 hivi zinajifunga mafundo. Wakati wa kiangazi vumbi letu linaingia hadi kwenye ngozi, na wakati wa mvua kupe hujificha humo. Kama huna mtu wa kumkata nywele, au hutaki kujifunza kushika mashine mwenyewe, mwache. Muulize mfugaji kama wazazi walipimwa ugonjwa wa macho unaopofusha kidogokidogo, maana upo katika ukoo huu na kipimo chake cha jeni kipo.

Wa pili ni shnauza mdogo, sentimita 30 hadi 35, kilo 4 hadi 8. Kwa anayetaka mlinzi wa sauti, huyu angekuwa wa kwanza. Anabweka mtu akigusa lango, na sauti yake ni nzito kuliko mwili wake. Lakini damu yake hujaa mafuta kirahisi, na kongosho lake huvimba. Nyumba ambayo mbwa hupewa ngozi ya kuku, mafuta ya nyama ya kuchoma na mabaki ya sherehe ya Jumapili inaweza kumuua, na wenye nyumba wasijue kilichomuua. Mkiweza kukubaliana wote, pamoja na bibi na wageni, kwamba hapewi kitu mezani, mchukue.

Wa tatu ni pinsha mdogo, sentimita 25 hadi 30. Watu wengi humuuza kama Dobermann aliyepunguzwa, na si kweli. Pinsha ni wa zamani kuliko Dobermann, ambaye alianza kutengenezwa na Louis Dobermann kule Apolda, Ujerumani, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Pinsha ni mkali, mwepesi, hana nywele za kukata. Anapita kwenye mwanya wa sentimita chache kwa hiyo ziba chini ya lango kabla hajafika. Na baridi ya Juni na Julai, hapa juu mita 1,200 na zaidi, inamuumiza kweli. Asilale nje.

Tekeli (dachshund) nimemweka wa nne, na najua wengine watabisha. Ni mbwa wa furaha, jasiri, anayechimba. Miguu yake mifupi inatokana na jeni ya ufupi wa mifupa, na jeni ya aina hiyohiyo huharibu mito iliyo kati ya pingili za mgongo. Mito hiyo ikipasuka, miguu ya nyuma inapooza. Nyumba yenye ngazi nyingi, au watoto wanaombeba kwa kumshika kwapa huku makalio yananing’inia, haimfai. Akiwa mnene ndiyo hatari kabisa.

Wa tano nawaweka pamoja: Chihuahua, Yorkshire na spitzi mdogo (Pomeranian), wote wa kilo 3 hivi. Si wabaya. Wanafaa mtu mzima mmoja au wazee wawili wanaoshinda nyumbani. Mtoto wa mbwa wa namna hii asipokula kwa saa chache, sukari ya damu inashuka: analegea, anayumba, anatetemeka, hata anazimia. Anapaswa kula mara 4 kwa siku, na nyumbani asali isikosekane ili umpake kwenye ufizi wakati unamkimbiza kwa daktari. Koo lake nalo ni laini, ukimvuta kwa mkanda wa shingoni ataanza kukohoa kikohozi kama cha bata. Mfunge mkanda wa kifuani. Meno yake yanabanana katika taya dogo, na mara nyingi ya utotoni hayang’oki, kwa hiyo unaona chonge mbili mbili. Na ukitaka kumzalisha ujue kwamba wengi hushindwa kuzaa bila operesheni.

Wasioguswa ni wawili. Mbwa wa kikombe nimeshamtaja. Wa pili ni “berje wa Kijerumani (German Shepherd) mdogo”, na huyu naomba tumtazame kwa karibu kwa sababu Lubumbashi inapenda berje kuliko mbwa mwingine. Katika ukoo wa berje kuna ugonjwa wa kurithi wa tezi iliyo chini ya ubongo. Mtoto anazaliwa kama wenzake, halafu baada ya wiki chache anabaki nyuma. Akifika miezi 6 bado ana manyoya laini ya utotoni na uso wa mbweha, anapendeza kupita kiasi. Baadaye manyoya yanadondoka mbavuni na shingoni, ngozi inakuwa nyeusi, na asipotibiwa mara nyingi haishi zaidi ya miaka 4 au 5. Jirani yetu wa Bel-Air alinunua mmoja kwa bei ya juu kuliko ndugu zake wakubwa, eti ni aina adimu. Watoto wake walikuwa wanampaka mafuta mgongoni kila jioni wakidhani ni ukurutu.

Kuna mmoja ambaye hayumo kwenye orodha kwa sababu hauzwi kama mbwa wa fahari: mbwa wa kwetu. Yule wa kilo 10 hadi 15 mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama. Misitu ya Kongo ndiyo iliyowapa wazungu basenji, mbwa wa sentimita 40 hadi 43 na kilo 10 hivi, asiyebweka kama mbwa wengine, ambaye leo ana karatasi za ukoo Ulaya na Marekani. Mbwa wa kawaida wa mitaa yetu si basenji, lakini ni wa kiasi hichohicho, na jua, kupe na chakula chetu vimeshachuja babu zake. Kama sababu yako ya kutaka mbwa mdogo ni matumizi na nafasi, wala si sura, mchukue huyu kabla ya wote niliowataja, umchanje, umpe jina zuri.

Kuhusu matumizi, hesabu haiendi kama watu wanavyodhani. Mbwa wa kilo 30 ana uzito wa mara 7 na nusu kuliko wa kilo 4, lakini chakula chake ni kama mara 4 na nusu tu, kwa sababu mwili mdogo unachoma haraka zaidi. Daktari, chanjo na operesheni havipungui kwa sababu mbwa ni mdogo. Dawa ya ganzi kwa mbwa wa kilo 2 inataka mkono wa mtu mwenye uzoefu zaidi. Bukari (ugali) anaweza kula, lakini si bukari peke yake. Ndakala (samaki wadogo wakavu) ziloweshwe maji kutoa chumvi, yai la kuchemsha, nyama kidogo isiyo na mafuta. Kitunguu, kitunguu saumu na chokoleti hapana kabisa, na kwa mwili mdogo hata kipande kidogo ni kingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana.

Chanjo ndiyo isiyo na mjadala, hata kwa mbwa anayelala kwenye kochi. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu haponi. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, zinarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Uliza jambo moja ambalo watu hawaulizi: dawa hizo zinahifadhiwa wapi umeme ukikatika? Zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Duka lisilo na jenereta wala betri ya jua linaweza kukuchoma sindano ya maji, na muhuri kwenye karne utakuwa mzuri vilevile. Mji wetu una bahati: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na madaktari waliosoma pale wanatibu mjini. Mpate mmoja kabla hujanunua, mwombe aende nawe kumwona mtoto wa mbwa. Malipo ya safari hiyo ni madogo kuliko ya operesheni ya goti.

Siku ya kumchukua awe na wiki 8 kamili, na kwa wale wa kilo 3 ni afadhali 10 au 12. Mpime kwenye mizani ya jikoni na uandike. Kwa aina hizi ndogo sana, uzito wa wiki 12 mara mbili unakupa makadirio ya ukubwa wake wa mwisho. Wiki ya kwanza mpe chakula kilekile alichokuwa anakula kwa mfugaji, ubadilishe kidogokidogo. Na mpime tena kila siku mbili: asipoongezeka, usingoje Jumatatu.