Biblia ya maandishi makubwa baada ya miezi 14 ya kuitumia

Niliinunua kwenye duka la vitabu vya dini hapa Mwanza kwa shilingi 48,000. Ni Union Version, tafsiri ile ya 1952 tuliyoikariri tukiwa watoto, yenye maandishi makubwa, jalada la zipu na utepe mmoja mwekundu. Sikukaa nayo kabatini. Imelala wodini na mimi.

Mwanangu wa pili ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ana miaka 9. Mama mwenye mtoto kama huyu anajua: miguu ikianza kumuuma usiku au homa ikipanda, huulizi mtu, unachukua kanga, kadi ya kliniki na maji, mnaondoka. Mwaka jana tulilazwa mara 4. Usiku wodini taa inabaki moja, kule kwenye meza ya manesi, na simu yangu ilikuwa inazima chaji saa saba. Ndiyo maana nikatafuta maandishi makubwa. Kwa hilo sina lawama hata kidogo. Nimeisoma nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, mkono mmoja unakanda goti la mtoto, kitabu kimelala wazi pajani bila kujifunga.

Ila kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Kila tukilazwa, simu hujaa picha za maua zenye Yeremia 29:11, "ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Nawashukuru wote wanaonitumia, wananipenda. Lakini mtoto analia, mshipa wa dripu umekosekana mara ya tatu, nami nausoma mstari ule peke yake na kuuliza: Baba, amani ipi?

Usiku mmoja niliufungua kwenye kitabu chenyewe, jicho likashika mstari ulio juu yake. Wa 10. Miaka 70. Kumbe ile ahadi imo katika barua ya Yeremia kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, ambao wangerudishwa kwao baada ya miaka hiyo 70, na barua inaanza kwa kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao hukohuko. Nikarudi nyuma sura ya 28. Pale nabii Hanania anatangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka 2 mateka wote watarudi. Maneno matamu, na Bwana hakumtuma.

Niliweka kidole hapo nikakaa kimya. Mwaka juzi kuna mtu alimwombea mwanangu, akaniambia amepona, niache dawa, kuendelea nazo ni kukosa imani. Niliacha siku 11. Siku ya 12 tulikuwa hospitali, na damu ilibidi aongezewe. Nililia sana kwa sababu nilidhani Mungu ndiye aliyevunja ahadi. Usiku ule nikaona kwamba ahadi niliyoishika haikuwa yake. Aliyoitoa ni kwamba anajua tulipo na hajatusahau, na mimi nina bustani ya kupanda hapahapa: foliki kila siku, dawa ya haidroksiurea kwa saa yake, maji mengi, sweta asubuhi za baridi, kliniki bila kukosa. Tangu hapo nikimpa dawa naomba, na sioni kama vitu hivyo viwili vinagombana.

Sasa kitabu chenyewe. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo naangalia mishono. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, hazikubandikwa gundi tupu. Fungua katikati ya fungu lolote la kurasa zilizokunjwa pamoja utauona uzi. Hicho ndicho kinachofanya kilale wazi, na baada ya miezi 14 hakuna ukurasa uliochomoka. Zipu ndiyo mbovu. Ina meno madogo ya plastiki na imepigwa mstari mmoja tu wa uzi kwenye ngozi ya bandia. Mwezi wa tano ikaachia. Nimeifumua, nikaweka ya nailoni namba 5, mistari miwili. Ngozi nayo inaanza kubanduka kwenye kona.

Karatasi ni nyembamba, peni inapenya upande wa pili, tumia penseli. Marejeo ya chini ya ukurasa yamebaki madogo kama ya Biblia ya kawaida, hayo nayasoma mchana tu. Na ni nzito, ukiiweka kwenye mkoba wenye chupa ya maji na nguo za mtoto bega linakuambia.

Bei naiona halali kwa sababu ya mshono wa ndani. Lakini kama unanunua ya kwenda nayo hospitali, chukua isiyo na zipu kabisa. Saa nane za usiku, watoto wa watu wakiwa ndio wamepata usingizi, sauti ya zipu inasikika wodi nzima.