Kipima mapigo ya moyo: kipi ununue kama mawimbi yanakukatikia

Namba ikiganda kwenye skrini katikati ya mazoezi, wengi hulaumu betri. Mara nyingi tatizo ni mwili wako mwenyewe. Vipima mapigo vya kisasa hurusha kwa 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi, na mwili, kwa kuwa umejaa maji, huyanyonya mawimbi hayo. Mkanda uko kifuani, simu iko mfuko wa nyuma wa suruali: hapo umejigeuza ukuta.

Usivutiwe na muuzaji anayesifu "mawimbi makali". Nguvu ikipanda, betri ndogo huisha mapema na vurugu huongezeka kwa kila aliye jimu. Bluetooth ya nguvu ndogo ina njia bora: chaneli 40, na inarukaruka kuzikwepa zilizojaa. Zile 3 za kujitangaza, yaani ambazo kifaa hutumia ili simu ikigundue, ziliwekwa makusudi zisigongane na chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi.

1. Polar H10. Ndiyo ningenunua. Ina Bluetooth, ANT+ (njia nyingine ya 2.4 GHz ya saa na vifaa vya mazoezi) na pia kHz 5 (mawimbi ya masafa ya chini ya baadhi ya mashine za jimu). Cha maana zaidi ni kumbukumbu ya ndani: unaanzisha zoezi kwenye programu ya Polar, unaacha simu kabatini, unaogelea, kisha unapakua. Majini 2.4 GHz haifiki popote, kwa hiyo bila kumbukumbu hiyo simu yako haipati kitu.

2. Garmin HRM-Dual. Bluetooth na ANT+, haina kumbukumbu. Kwa baiskeli ya ndani au mashine ya kukimbilia inatosha kabisa.

3. Polar Verity Sense. Ya mkononi, hupima kwa mwanga, inachajiwa. Inawafaa wanaokerwa na mkanda kifuani. Ivae upande ule ule wa simu.

4. Saa peke yake. Haikatiki, maana kihisi na skrini viko pamoja. Lakini mkono ukitikisika, mwanga hukosea, hasa kwenye mazoezi ya kukimbia kasi kisha kupumzika, kwa zamu. Kwa matembezi, usiongeze gharama.

Kabla ya kurudisha mkanda dukani, angalia namba zinavyoharibika. Zikirukaruka ovyo, kwa mfano 80 kisha 190, ngozi haijashika vizuri: lowesha sehemu za kugusa ngozi na ukaze. Zikiganda au kutoweka, ni mawimbi: hamishia simu mbele, au vaa saa inayopokea upande ambao hakuna kizuizi.