Darasa la Uchoraji la Jumamosi, Majengo, Moshi

Karakana hii ndogo iliyopo Majengo, mjini Moshi, ni ya mchoraji aliyejifunza kazi kwa mafundi wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga jijini Dar es Salaam, na siku za kawaida hutengeneza picha za kuwauzia watalii wanaoshuka mlimani. Jumamosi asubuhi huwa darasa la watu wazima. Nilijiunga baada ya miaka mingi ya uhasibu katika ofisi ya kahawa, miaka ambayo uchoraji wangu uliishia pembezoni mwa daftari za hesabu, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu walioipenda sanaa tangu utotoni lakini wakalazimika kutanguliza ada za watoto na kodi ya nyumba.

Ninachokisifu kuliko vyote ni kwamba mwalimu hamchukulii mtu anayerudi kama mtu anayeanza. Siku ya kwanza anakupa karatasi na penseli, anakuacha uchore kitu unachokifahamu, kisha anatazama namna mkono wako unavyokwenda. Mimi nilichora mgomba, na nilipoulizia kifutio akaniambia, "Mama, usifute. Chora mwingine pembeni, tuone upi umekaa vizuri." Kipindi kilipokwisha, karatasi ilikuwa imejaa migomba, na ule wa mwisho, ambao majani yake yaliyochanwa na upepo yalikuwa mistari michache tu, ulikuwa na uhai ambao wa kwanza haukuwa nao. Kwa mtu aliyezoea kusahihisha mpaka hesabu zilingane, sijaona zoezi lenye manufaa zaidi.

Rangi zinazotumika ni za mafuta, zile za kopo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kama alivyotumia Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alipoanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi mwaka 1968. Zinapatikana kirahisi na zinang'aa vizuri, lakini zinadai subira. Usuli hupakwa kwanza, rangi mbili au tatu zikichanganywa zingali mbichi ili moja iingie taratibu ndani ya nyingine, kisha ubao huachwa ukauke kabisa kabla ya kuwekwa umbo lolote, la sivyo rangi ya juu huikokota ya chini na picha yote ikachafuka. Mistari ya mwisho huchorwa kwa brashi nyembamba, rangi ikiwa imelainishwa kwa tina kidogo. Hapo mwalimu hukushika kiwiko badala ya vidole, kwa kuwa anataka mstari uanzie begani, na ukishauzoea mwendo huo unaona jinsi shingo ya ndege inavyotoka kwa mkupuo mmoja bila kutetemeka.

Zipo kasoro. Chumba hakina hewa ya kutosha, na madirisha yakifungwa kuzuia vumbi harufu ya tina huwa kali mno. Mwenye pumu aombe kukaa barazani. Vilevile, vielelezo vilivyopo ukutani ni tembo na twiga wa kibiashara, na usiposema unachotaka utapewa twiga. Watu waliosubiri muda mrefu kiasi hiki wanastahili kuulizwa mapema wamekuja na picha gani moyoni. Mimi nilisema, naye akakubali bila kinyongo, hivyo sasa ninawachora akina mama wauza ndizi wa soko la Mbuyuni, kazi ngumu kwelikweli kwa sababu ya vitenge vyao vyenye maua mengi.

Ada hulipwa kwa mwezi. Hadibodi na rangi zimo ndani yake, ila brashi nyembamba ni vyema ukaja na yako, maana za darasani zimechakaa ncha. Asubuhi ikiwa nyeupe, darasa huanzia nje kwa michoro ya haraka ya Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, kabla mawingu hayajavifunika, kwa hiyo anayependa kuvichora afike mapema, kabla ya saa mbili.