TAHADHARI: Fundi wa magitaa mwenye begi jeusi, Kisumu. Msimpe hata ukulele

Naanza na samahani. Ile video niliyoweka mwezi wa tatu, nimekaa kitandani na gitaa langu, Nyar Busia, mapajani, nasema "watu wangu, Kisumu hatimaye tumepata fundi wa magitaa", nimeifuta. Kama uliisambaza, futa na wewe. Ninajua watu wawili waliompigia simu kwa sababu ya mdomo wangu. Mmoja ni kijana wa Maseno, mwanafunzi, gitaa lake la kwanza maishani. Wa pili ni kanisa moja upande wa Ahero, gitaa la besi walilochangia waumini. Hao nimewapigia mwenyewe. Mchungaji alinyamaza kwenye simu muda mrefu, halafu akasema "sawa, mwalimu". Heri angenitukana.

Nyar Busia mnamjua, maana yake ni "binti wa Busia", huko ndiko nilikomnunua. Kwa wasiomjua: ni Fender Stratocaster ya Marekani, namba yake inaanza na N5, yaani ya 1995. Nimempiga harusi, matanga, ibada na zile hoteli za Dunga miaka sasa. Shida yake ilikuwa freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingoni. Mpiga benga hahitaji kuelezwa. Nyuzi mbili nyembamba zinasuguliwa usiku kucha karibu na tumbo la gitaa, na huko ndiko freti hufa. Kuanzia ya 9 hadi ya 15 zilikuwa zimechimbika vijishimo, ukibonyeza noti inalia kama mbu.

Na huku kwetu fundi ni nani? Seremala mwenye msasa. Kutuma Nairobi kwa basi nilishajaribu na gitaa langu la besi, nikajuta. Kwa hiyo mtu akitokea na ukurasa wake wa Facebook, picha za karakana safi, magitaa yamening'inia ukutani, halafu anaandika kwa Kiluo kizuri, ungefanya nini? Msinihukumu haraka.

Alikuja nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi. Hakuchelewa hata dakika, na hapo tu nilishaanza kumwamini, fundi gani wa Kenya hufika saa nne akisema saa nne? Aproni ya ngozi. Begi jeusi gumu, kama la mpiga picha. Akaliweka juu ya meza ya mama, akalifungua polepole, kila kifaa kimelala kwenye shimo lake la sponji. Akatoa rula ndefu ya chuma iliyokatwa mapengo, akailaza shingoni ikakaa juu ya ubao wenyewe bila kugusa freti. Akafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, akabonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, akachukua vile vijichuma vya majani majani ambavyo makanika hupimia plagi, akakipitisha kimoja kati ya uzi na freti ya 8, kupima shingo imepinda kiasi gani. Akafumba jicho moja. Akasema, "Japuonj," yaani mwalimu, "hapa kuna nusu milimita. Inafaa robo."

Nilikuja kuuliza baadaye. Ni kweli inafaa robo, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko pesa. Kila alichosema siku ile kilikuwa kweli. Aliniambia nisiache gitaa kwenye gari lililofungwa madirisha jua la Kisumu likiwaka, gundi hulegea na shingo hupinda. Kweli. Aliniambia nikibadilisha unene wa nyuzi nirekebishe na chuma cha ndani ya shingo, maana mvutano umebadilika. Kweli. Aligusa uzi kwa ncha ya kidole juu ya freti ya 12 ukalia kama kengele, kisha akaubonyeza palepale, akaniambia sauti hizo mbili lazima zilingane, zisipolingana gitaa litakuwa linadanganya kila unapopanda juu. Kweli tupu. Mimi ninayefundisha vijana wa kwaya nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe natikisa kichwa kama mwanafunzi wa darasa la pili.

Mama alimkaangia ngege, yaani tilapia. Ngege mzima, na ugali wa wimbi, na sukuma. Alikula akamaliza, mama akamwongeza kipande kingine, akamaliza. Akaombea nyumba. Aliomba kabisa, macho yamefumbwa, "Baba bariki mikono ya mama huyu." Mama mpaka leo ananiuliza yule kijana wa adabu yuko wapi.

Kisha akasema kazi ya freti haifanywi sebuleni, vumbi la chuma litaingia kwenye chakula cha mama, lazima ampeleke karakana yake Milimani. Siku tatu. Shilingi 14,500 kwa kila kitu: kusawazisha freti, kuziviringisha vichwa, kuchonga mfupa mpya wa pale juu nyuzi zinapopita, kusafisha waya. Nusu kwanza. Nikatuma 7,000 kwa M-Pesa. Nikambeba Nyar Busia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikamfunga kwa mpira nyuma ya bodaboda. Nikampa mwenye boda shilingi 100 aendeshe polepole.

Siku tatu zikawa tisa. Freti zinatoka Nairobi. Mvua. Amefiwa Ugenya. Nilimtumia na rambirambi.

Siku ya tisa usiku, saa mbili na nusu, ananipigia niko wapi, yeye yuko steji ya Kondele, ana haraka, anawahi gari la Bungoma. Nikakimbia. Stima ilikuwa imepotea upande ule wote, mnakumbuka wiki ile. Tukasimama kando ya mama wa mahindi ya kuchoma, tukimulikiwa na makaa na tochi ya simu. Nikamtoa Nyar Busia kwenye mfuko, nikabonyeza. Jamani, nyuzi zilikuwa chini, laini, kidole kinateleza kama kwenye sabuni. Nikapiga vijimstari viwili vitatu pale gizani, mama wa mahindi akacheka akasema "dhi nyime", yaani endelea. Nikatuma 7,500 iliyobaki na juu yake nikaongeza 500 ya soda. Niliongeza! Nikaenda nyumbani nikarekodi ile video bila amplifaya, kwa sababu stima haikuwepo.

Jumapili kanisani nikachomeka.

Sauti ilitoka nyembamba kama redio ya betri zilizochoka, na nyuma yake mvumo, vuuu, hata nikiweka mkono kwenye nyuzi haupungui. Nikilegeza vidole, nyuzi za wazi zinagongagonga freti ya kwanza. Nikalaumu amplifaya. Nikalaumu kebo, nikanunua nyingine kwa 1,200. Nikamlaumu kijana wa mitambo mbele ya kwaya, naye nimeshamwomba msamaha. Wiki mbili nilikuwa natafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa, kwa sababu ningemgusa fundi ningekuwa nimejigusa mimi na video yangu.

Mwishowe nikampeleka kwa mzee mmoja wa Kibuye anayetengeneza redio na spika. Si fundi wa magitaa, na alisema hivyo kabla sijaketi. Kile kibamba cheupe cha mbele kinashikwa na skrubu 11. Akahesabu 10, na vichwa vya nne vimeliwa na bisibisi isiyofaa. Akakifungua akakigeuza juu ya gazeti. Hakusema kitu. Alinisogezea tu taa.

Mimi nilimfungua Nyar Busia 2019, nilipobadilisha tundu la kebo, kwa hiyo najua kulikuwa na nini ndani. Pikapu zake tatu, vile visanduku vinavyonasa sauti ya nyuzi, kila moja ina vipande sita vya sumaku, vile vinavyoonekana juu chini ya nyuzi. Vyenyewe ndivyo sumaku, hakuna kingine kilichobandikwa. Za sasa mgongoni zina mche wa sumaku nyeusi uliogandishwa kwa gundi ya moto, na hivyo vijiti sita ni chuma cha kawaida tu. Ni za magitaa ya Kichina ya bei ya mkokoteni. Vile vya kuzungushia sauti, vya asili ni vikubwa kama kifuniko cha soda na mgongoni vimegongwa 137, namba ya kiwanda cha CTS, ikifuatiwa na 95 ya mwaka. Sasa kuna vitu vidogo kama kitufe cha shati. Hata waya alichukua! Waya! Mtu anayeiba waya wa ndani ya gitaa huyo kwao hulala na mlango wazi kweli?

Na freti zenyewe? Mzee alinipa kioo chake cha kusomea. Freti iliyosawazishwa sawasawa huviringishwa kichwa baadaye, iwe kama mgongo wa panya, uzi uguse pale kileleni tu. Zangu ni bapa kama meza. Alipitisha msasa juu juu, akaondoka. Mikwaruzo yake imebaki kwenye mbao, yote imeelekea upande mmoja, ukiinamisha kwenye mwanga unaiona kama mistari ya daftari. Ule ulaini wa Kondele ulitoka wapi? Alichimba mifereji ya mfupa wa juu kwa msumeno mpaka nyuzi zikalala, na mmoja alipozidisha akaujaza magadi ya kupikia na supagluu. Mfupa "mpya" niliolipia ni ule ule wa zamani.

Yaani mtu alikula ngege ya mama yangu huku akipiga hesabu ya pikapu.

Nilienda kuripoti. Nikaeleza vizuri, fundi, karakana, pikapu tatu zimeibwa. Askari wa zamu akachukua kalamu kwa bidii kabisa: "Pikapu tatu? Namba za usajili?" Nikamwambia afande, si magari, ni pikapu za gitaa. Akaweka kalamu chini. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ninayo hata hivyo. Wale wa Maseno na Ahero naomba nanyi mkaandikishe, mmoja akienda peke yake ni kichekesho, watatu tukienda ni kesi.

Sasa mnaniuliza kwenye simu, hukuona dalili? Niliziona. Jina lililotokea M-Pesa kabla pesa haijaenda lilikuwa la mwanamke, akasema laini ni ya mkewe. Malipo ya pili, mwanamke mwingine. Karakana ya Milimani hakuna aliyewahi kuingia, ukiuliza nyumba gani anasema "nitakuja kukuchukua". Zile picha za ukurasani, kijana wa Maseno anasema ukutani kuna soketi ambayo si ya Kenya, mimi sikuangalia soketi, niliangalia magitaa. Na hataki uchomeke mbele yake. Kwangu ilikuwa Kondele gizani, Ahero aliwaachia kwa mlinzi. Kama unampa fundi yeyote gitaa, fungua kwanza upige picha za ndani, na namba zake. Nilikuwa na simu mfukoni siku ile nzima.

Lakini dalili si za kunisaidia mimi tena. Mimi nataka Kodiaga, gereza letu la Kisumu. Nataka apelekwe Kodiaga apewe gitaa la kwaya ya wafungwa lenye freti alizosawazisha yeye, alipige kila asubuhi, na kila mara uzi ukigonga freti aanze upya. Nataka mama amwone. Msimpige, tafadhali, nasema kwa dhati, mtu akipigwa hasemi vitu alivyouza viko wapi, na mimi vitu vyangu navitaka. Ila mkimpata mkalieni, mniite, nitakuja hata kama ni katikati ya harusi. Chira, ile laana ya kuvunja mwiko, ipo, mkidhani wazee walikuwa wanatania. Huwezi kuomba baraka juu ya samaki wa mtu halafu umng'oe waya.

Anatumia majina mawili, na ukurasa wa Facebook ameshaubadilisha, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtafuteni kwa aproni ya ngozi, begi jeusi la sponji na neno "robo milimita". Mara ya mwisho nimesikia yuko upande wa Kakamega na Bungoma, anapita makanisani kabla ya mikutano ya vijana. Bendi za Webuye, waambieni wenzenu leo.

Na mwenye duka au fundi anayenunua vitu vilivyotumika, kuanzia Kisumu mpaka Nakuru: mtu akikuletea pikapu tatu nyeupe za Stratocaster, zigeuze. Ile ya katikati mgongoni ina herufi K kwa wino wa kijani, umefifia lakini upo. Aliyeniuzia Busia ndiye aliyeiandika, sikuwahi kumuuliza kwa nini. Seti kama hiyo mpya kuagiza ni pesa nyingi kabla hujalipia usafiri, mimi sina. Nitakununulia kwa bei uliyompa, sitakuuliza mengi. Namba yangu mnayo.