Gadi hakumwambia baba, aliniambia mimi

Naanza na kilichoniuma, hayo mengine yatafuata. Tumesimama stesheni ya reli moja ndogo ya mvuke ya watalii huko Wales, injini imeegeshwa inapumua taratibu, baba amesogea karibu na magurudumu anaangalia vile vyuma vinavyosukuma, vimepakwa oili mpaka vinang'aa. Hajagusa kitu. Mikono ameifunga nyuma kama kawaida yake. Akaja gadi, yule msimamizi wa treni, mtu wa makamo, kofia, kizibao, mnyororo wa saa umening'inia tumboni, akampita baba kama anapita nguzo, akaja mpaka kwangu mimi akasema: mwambie arudi nyuma ya mstari.

Mwambie! Baba yuko hapo hapo, hatua mbili, anasikia kila kitu. Na Kiingereza anakijua, kitabu cha sheria za reli alikisoma kwa Kiingereza na mtihani akafanya kwa Kiingereza kabla huyo gadi hajajua kufunga viatu. Dakika chache kabla hapo kulikuwa na mzee mwingine, wa kwao, alikuwa amesimama pale pale anapiga picha na gadi huyo huyo anamchekea. Nilihisi kichwa kinapata moto. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, baba akanishika mkono, akarudi nyuma ya mstari, basi.

Kwa wasiojua, hizi ni zile reli ndogo za Wales. Zamani nyingi zilijengwa kuteremsha mawe ya kuezekea paa kutoka machimboni hadi bandarini, na vyuma vya reli vimekaribiana mno, pale Ffestiniog kwa mfano ni kama sentimita 60 tu, wakati ile ya kwetu ya zamani ya Mombasa ni mita moja kamili. Machimbo yalipolala reli zikataka kufa, wapenzi wake wakaziokoa. Talyllyn ndiyo ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea, 1951, na mpaka leo sehemu nyingi wanaoendesha, kukata tikiti na kufagia behewa hawalipwi. Hilo nawapa heshima yote. Lakini kujitolea hakumpi mtu ruhusa ya kumdharau mzee wa mtu. Jina la hii tuliyoenda naliacha, sitaki vita.

Baba alikuja kunitembelea hapa Birmingham, wiki ya pili nikaona amechoka kukaa ndani anaangalia mvua dirishani, nikasema huyu mzee nimpeleke aone mvuke tena, maana yeye alianza kwa kusafisha injini shedi ya Nairobi miaka ya sitini, akapanda akawa faiyamani, yule anayechochea moto wa injini, kwenye zile injini za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, zile kubwa zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, kila moja tani 252, hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzizidi kwa ukubwa. Moja iko makumbusho ya reli Nairobi, namba 5918, Mount Gelai, na nyumbani kila mgeni akija kutoka bara baba lazima amuulize kama ameenda kuiona. Sasa mtu kama huyo ndiye anayeambiwa kupitia kwa mwanawe kwamba asogee mbali na injini ambayo ingeingia nzima kwenye tangi la maji la ile yake.

Safari yenyewe? Sawa. Nzuri. Behewa la mbao, viti vigumu, unapita milima ya kijani na kondoo kila mahali, moshi unaingia dirishani na chembe za makaa zinaingia machoni kwa hivyo usitoe kichwa nje. Chai ilikuwa ya kawaida. Mimi sikuona kitu chochote nusu ya kwanza ya safari, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule gadi, nayapanga na kuyapangua, na nilishaamua nyota nitakazowapa hapa ni moja, na hiyo moja ni ya kondoo.

Baba yeye anasikiliza. Kwenye mlima injini ikaanza kuteleza, magurudumu yanazunguka bila kushika, reli imelowa na majani yameanguka, tukasimama kama robo saa hivi katikati ya msitu. Watu wakaanza kulalamika, watoto wanalia. Baba amefumba macho anasema, dereva anatia mchanga relini, ngoja. Kimya. Kisha akasema, sasa anafungua pole pole. Na kweli tukaondoka pole pole. Nilimuona uso wake na nikasahau gadi kwa muda, nakiri.

Lakini kilichobadilisha siku ni mwisho wa njia, pale injini inapofunguliwa izunguke ifungwe upande wa pili. Faiyamani alikuwa msichana, sidhani amefika miaka ishirini na mitano, uso mweusi kwa makaa, anajaza maji. Baba akaenda, akasimama nyuma ya mstari kabisa, nyuma zaidi ya inavyotakiwa, akauliza, glasi inasoma ngapi? Yaani maji ndani ya boila. Yule binti akageuka, akamtazama, hakunitazama mimi, akamjibu yeye, nusu, nataka iwe zaidi kidogo kabla ya mteremko. Akamuuliza, wewe ulikuwa unachoma nini, makaa ya wapi? Baba akasema sisi tulichoma mafuta mazito, si makaa. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Akamueleza kwamba mafuta yanaacha masizi ndani ya mabomba ya boila, kwa hivyo injini ikiwa inavuta kwa nguvu unachota mchanga unautupa ndani ya tanuri, moshi unauvuta ule mchanga unapita kwenye mabomba yote unayasugua, na kwenye bomba la juu unatoka moshi mweusi tii. Alikuwa anaonyesha kwa mkono, vile anavyochota, vile anavyogeuza kiwiko. Kiwiko kilikuwa kinakumbuka, jamani. Baba ana miaka karibu themanini na kikombe kikijaa kinamtetemesha mkono, lakini kile kiwiko hakikutetemeka.

Binti hakuwahi kuisikia hiyo ya mchanga kutupwa ndani, yeye anajua mchanga wa kutia chini ya magurudumu tu. Akamuita dereva ashuke aje asikilize. Dereva akashuka, akavua glavu, akampa baba mkono na kumuuliza jina lake.

Basi hapo ningetoa nyota tano na machozi juu. Halafu filimbi ikalia, gadi akapita tena, akawaambia wale wawili warudi kwenye injini na mimi akaniambia, muda umekwisha, mpandishe. Mpandishe! Kama mzigo. Nikarudi kule kule nilikokuwa asubuhi.

Njiani nikamwaga yote kwenye gari. Baba akasema gadi ndiye mwenye treni, dereva mwenyewe haondoki bila gadi, na mtu akisogelea magurudumu lazima afukuzwe, hata yeye angemfukuza. Nikamwambia shida si kufukuzwa baba, shida ni kwamba hakukufukuza wewe. Akanyamaza sana. Tumeshafika barabara kuu ndipo akasema, hilo ni kweli.

Kwa hivyo idadi ya nyota siweki. Nendeni, injini ni hai na yule binti na dereva wake wanastahili kila shilingi, ila mkienda na mzazi simameni karibu naye. Nimewaandikia barua pepe, nimeomba kitu kimoja tu, gadi aambiwe azungumze na mtu mwenyewe. Hawajajibu. Kosa langu lingine ni kuchagua iliyo karibu, kwa sababu ile Welsh Highland ya kutoka Caernarfon hadi Porthmadog ina Garratt za kweli, zilikuwa Afrika Kusini na nyingi zimetoka kiwanda kile kile cha Beyer Peacock, Manchester, kilichotengeneza za baba. Kabla hajarudi Voi nitampeleka huko.

Amepita hapa nyuma yangu sasa hivi, akauliza naandika nini, nikamsomea. Anasema nimesahau kuandika kwamba breki za treni ile zilishika vizuri sana kwenye mteremko. Haya, nimeandika.