QField kwenye kumbukumbu za visima virefu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili asiye na muda asipoteze bando. Kama unatafuta programu ya kukuchorea chini ya ardhi kwa picha za kuzungusha kwenye skrini, hii siyo. QField ni ramani na fomu ndani ya simu, basi. Lakini tangu niianze, taarifa za kisima zinatoka site zikiwa kamili, na mwenzangu ofisini anazisoma bila kunipigia kuniuliza kama niliandika 1 au 7.

Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, zaidi Singida, Dodoma na upande wa Manyara. Sehemu kubwa ya huko ukichimba unakutana na granaiti. Granaiti nzima haina maji. Maji yanakaa kwenye ule mwamba uliooza wa juu na kwenye nyufa zilizo chini yake, kwa hiyo visima viwili vya kitongoji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikanywesha watu na mifugo, kingine kikatoa vumbi mpaka mtambo unapong'olewa. Kwa mazingira hayo, kila mita iliyochimbwa na mwingine kabla yako ni taarifa ya thamani. Na bado taarifa hizo zimetawanyika: nusu kwenye daftari lenye matope, nyingine kwenye ripoti ya Word, vipimo kwenye Excel ambayo kila mtu ameipanga anavyojua yeye, na picha za sampuli kwenye kundi la WhatsApp. Mtu akihama kazi, anahama na visima vyake.

Kwa asiyeijua: QField ni ndugu wa QGIS, ile programu ya ramani ya bure iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. QField yenyewe inatengenezwa na OPENGIS.ch ya Uswisi, nayo ni ya bure. Unaandaa mradi kwenye kompyuta kwa QGIS, unauhamishia kwenye simu au kishikwambi, unafanya kazi porini bila mtandao, ukirudi unaunganisha. Kupakua QGIS kunakula bando kubwa, tafuta Wi-Fi ya mtu.

Sasa tuje kwenye kiini, maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi Excel. Kisima kwenye ramani ni nukta moja. Chini ya nukta hiyo kuna tabaka kumi na kitu, kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima), skrini (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji), kina maji yalipopigwa, kiwango cha maji kilichotulia, majibu ya maabara. Ukijaribu kuvipakia vyote kwenye mstari mmoja wa jedwali, unaishia na safu za "tabaka1", "tabaka2", "tabaka3", na kisima cha kwanza chenye tabaka nyingi kuliko safu zako kinaharibu mpangilio wote. Dawa ni kutenganisha. Jedwali la kwanza ni la kichwa cha kisima: jina, kijiji, mahali, tarehe, kina cha mwisho, urefu wa bomba lililobaki juu ya ardhi. La pili ni la tabaka: kuanzia mita ngapi, hadi mita ngapi, ni nini, rangi gani, imeoza kiasi gani. Kisima kimoja, mistari mingi. QGIS inakuruhusu kuyafunga majedwali hayo kwa uhusiano, na uhusiano huo unaonekana vizuri kabisa kwenye simu: unagusa kisima, fomu inafunguka, chini yake unaona orodha ya tabaka zake na alama ya kujumlisha.

Kitu kimoja usikiruke. Kiungo kati ya majedwali kiwe ile namba ndefu ya utambulisho inayozalishwa na uuid(), amri ya QGIS inayotoa namba isiyojirudia, siyo 1, 2, 3. Watu wawili wakiwa site tofauti bila mtandao, kila simu itaanza kuhesabu kivyake, na jioni mtakuwa na visima viwili vinavyojiita namba 14 na tabaka zisizojua mama yao ni nani.

Kisha weka masharti. Kwangu "hadi" haiwezi kuwa ndogo kuliko "kuanzia", na tabaka haliwezi kupita kina cha kisima. Fomu inagoma kuhifadhi. Mwanzoni inaudhi, hasa nyundo ikiwa inagonga na kompresa inanguruma huku unaandika. Ila huo ndio wakati wa kugundua kosa, wakati sampuli bado ziko chini mbele yako.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Kijana wa sampuli anakinga vipande kila mita, anavisuuza kwenye chekecheke na kuvimwaga mafungu mafungu kwa mstari, kumi kwa kila safu. Mimi natembea kando ya mafungu na simu. Rangi ya kahawia inaanza kupauka kwenye fungu la kumi na nane, chembe za kwatzi zinakuwa na ncha kali, udongo wa mfinyanzi unapungua ukisugua kati ya vidole. Nafungua tabaka jipya, 18 hadi 26, nachagua kwenye orodha "granaiti iliyooza nusu", napiga picha ya mafungu na kibao cha mita. Picha inakaa ndani ya rekodi ile ile, haizunguki kwenye kundi la WhatsApp. Dereva wa mtambo ananitania, "Mtaalamu, hii ni granaiti tu, andika granaiti mpaka chini twende zetu." Orodha yangu haina "granaiti tu". Ina iliyooza kabisa, iliyooza nusu, yenye nyufa, na ngumu. Tofauti ya hizo nne ndiyo maji. Vumbi likikatika ghafla na vipande vikatoka vimelowa, kina kinaingia pale pale, siyo jioni kwa kukumbuka.

Skrini na vidole vyenye matope haviivani, hilo lieleweke. Jua la saa saba ndilo baya zaidi. Nabeba pawa benki na kitambaa, na daftari dogo bado liko mfukoni kwa ajili ya namba za haraka.

Upande wa koordineti, programu hii imenisaidia kuliko nilivyotegemea. Ramani zetu za zamani na ripoti nyingi za miaka iliyopita zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti wa huku kwetu, wakati simu inasoma WGS 84, mfumo wa GPS. Namba zinafanana sura, lakini ukizichanganya kisima kinahama karibu mita 300, zaidi kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Niliwahi kuingiza visima kutoka ripoti moja ya zamani, kimoja kikaangukia juu ya kilima cha mawe ambako hata mbuzi anafikiria mara mbili. Nilipoiambia QGIS kwamba data ile ni EPSG 21036 (namba ya mfumo wa Arc 1960) badala ya 32736 (ya WGS 84), visima vyote vilishuka vijijini vilikostahili. Wa Dodoma mkumbuke pia kwamba mstari wa digrii 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM, yaani vipande vya ramani ambavyo kila kimoja kina hesabu yake ya koordineti, hauko mbali na mji. Ukihamia site za mashariki yake, kanda inabadilika. Mimi nimeweka safu ya ziada yenye koordineti kama zilivyoandikwa kwenye ripoti, bila kuguswa. Mwinuko wa simu usiuamini kabisa kwa kulinganisha viwango vya maji kati ya visima. Kwa kazi hiyo tafuta kipokezi kizuri cha GPS, QField inakipokea kwa bluetooth, au pima kwa leveli ya wapima ardhi.

Kushirikishana data kuna njia mbili. Kuna QFieldCloud, ambako kila mtu anasawazisha simu yake na seva. Akaunti ya bure ina megabaiti 100, na picha za sampuli zinazimaliza upesi, kwa hiyo weka kikomo cha ukubwa wa picha tangu mwanzo. Njia ya pili ni waya: plagini (programu-nyongeza ya QGIS) iitwayo QFieldSync inafunga mradi kwenye folda, unaihamisha kwenye simu, ukirudi unaileta. Site nyingi ninazokwenda mtandao ni wa kupandia kichuguu, kwa hiyo waya ndio mkombozi wangu. Kwa vyovyote vile, kubalianeni kila kisima kina mwenyewe mmoja. Wawili wakirekebisha rekodi moja kwa siku moja, programu haiwezi kujua nani mkweli.

Ninayemtumia data anapata faili moja ya GeoPackage yenye majedwali yote ndani. Zamani tulikuwa tunatumiana shapefile, rundo la vifaili ambavyo kimoja kikisahaulika vingine vinaweza visifunguke, na majina ya safu yanakatwa kwenye herufi ya kumi. "Kina_kuanzia" inakuwa "kina_kuanz". Mpokeaji abahatishe. Kwa afisa anayetaka Excel, natoa CSV, dakika moja.

Bodi za maji za mabonde, kwa upande wangu zaidi Bonde la Kati lenye makao Singida, zinafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na taarifa za uchimbaji ni sehemu ya utaratibu huo. Fomu zao ni zao, QField haizijazi. Lakini nikiwa na majedwali yaliyopangika, kuzijaza si kazi tena. Majina na simu za wenye visima binafsi nimeyaweka jedwali la pembeni lisilotoka ofisini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mzee wa watu hakuchimba kisima ili namba yake isambae.

Sasa suala ambalo kwangu linazidi yote: visima vikavu. Kisima chenye maji kina ripoti, kina picha ya viongozi wakikinga ndoo. Kikavu kinafukiwa na kusahauliwa, mteja hataki kukisikia na mchimbaji hapendi kuonekana alikosa. Miaka ikipita anakuja mtaalamu mwingine, anapima jinsi ardhi inavyopitisha umeme ili kutafuta maji, anaweka kigingi hatua chache kutoka pale pale. Kwenye mradi wangu kikavu kinajazwa kwa fomu ile ile, na tabaka zile zile mita kwa mita, tofauti ni rangi ya nukta tu. Ukisimama kijijini ukaona nukta nyekundu tatu zimejipanga, na zote zimegonga granaiti ngumu kabla ya mita 20, hupeleki mtambo upande huo. Kwa hili peke yake ningeilipia.

Floraidi nayo inahitaji mpangilio huu. Singida na maeneo ya Arusha yanafahamika kwa tatizo hilo, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Jibu la maabara lisilosema skrini iliwekwa kina gani ni nusu ya jibu, kwa sababu maji ya juu na ya chini ya kisima kimoja yanaweza yasifanane. Jedwali la maabara nimelifunga kwenye kisima, kwa hiyo kina kinasomeka pamoja na namba.

Mapungufu. QField haichori nguzo ya tabaka (mchoro wa kisima kimoja toka juu hadi chini) wala mkato wa ardhi (ardhi ikionekana kwa ubavu). Kwenye kompyuta, QGIS tangu toleo la 3.26 ina kifaa cha mkato wa mwinuko, na plagini ya Geoscience inashughulikia visima, ila mchoro wa ripoti bado naumalizia kwingine. Walioko kwenye migodi ya dhahabu wataniambia kuhusu Leapfrog, programu ya kulipia ya kuchora miamba ya chini ya ardhi. Ni kweli, kwa maumbo ya chini ya ardhi haishikiki, lakini leseni yake haiendani na mfuko wa kampuni ya kuchimbia kijiji kisima kimoja. Na kuandaa mradi wa mwanzo kunahitaji mtu aliyetulia anayeielewa QGIS. Ukimpa simu kijana asiye na mradi ulioandaliwa, umempa ramani tupu.

Kwa anayeanza: majedwali mawili yanatosha, kichwa na tabaka. Orodha ya miamba iwe fupi, ikae mtu mmoja wa kuibadilisha, na mjaribu kwenye kisima kimoja ambacho bado mnaandika daftari kando.