Uzoefu wangu Ziwa Bunyonyi: boti ni nzuri, ila kayaki ndo penyewe

Kwa mnaoulizia Bunyonyi, nimeenda kwa hela yangu kwa hiyo nawaambia nilichokiona. Ziwa liko kusini magharibi mwa Uganda, jirani kabisa na mpaka wa Rwanda. Sisi tulitokea Bukoba tukapita mpakani Mutukula, Masaka, Mbarara mpaka Kabale, ni mwendo mrefu na mgongo unauma, halafu Kabale unachukua boda mnapanda mlima weee, mkianza tu kushuka upande wa pili unaona maji chini na visiwa vimetapakaa, vinahesabiwa 29. Huko ni juu, kama mita 1,960 hivi, na usiku baridi inauma kweli, beba sweta.

Tulianza na boti ya injini pale Rutinda. Boti inakodishwa nzima, kwa hiyo mkiwa kikundi mnachanga na inakuwa nafuu, ila elewaneni bei kabla hamjapanda na mtaje kabisa visiwa mnavyotaka. Nahodha wetu Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga lakini Kihaya na Kikiga vinakaribiana kwa hiyo tulisikilizana vizuri tu.

Akampene ndo iliniumiza. Ni kisiwa kidogo mno, majani tu na mti mkavu, maji yamekaribia kukimeza. Zamani binti akipata mimba kabla ya kuolewa alikuwa anapelekwa pale anaachwa, afe njaa au azame akijaribu kuogelea, na mwanaume asiye na ng'ombe wa mahari alikuwa anaweza kwenda kumchukua akawa mkewe bila kulipa kitu. Nahodha alizima injini ndo akasimulia, na wakati anasimulia unaona vilima vya ng'ambo na mashamba ya watu, yaani yule binti alikuwa anaviona vyote hivyo. Jamani mkifika pale msikimbilie kupiga picha na kuondoka, mwombeni nahodha azime injini mkae kidogo.

Kisiwa cha Bwama nacho tulipita, huko Dk. Leonard Sharp, mmisionari Mwingereza, alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma miaka ya 1930, siku hizi kuna shule na wanafunzi wanavuka kwa mtumbwi.

Sasa kayaki, ule mtumbwi mdogo mwembamba wa kupiga kasia. Tulitoka alfajiri kabla jua halijapanda, ukungu bado umekaa juu ya maji, na huo ndo muda wake maana mchana upepo unaamka na kupiga kasia inakuwa kazi nzito. Kwenye boti ndege wanakukimbia, kwenye kayaki unawafikia. Tulisogea mpaka kwenye matete tukakuta korongo taji wawili, yule ndege wa kwenye bendera ya Uganda, karibu kiasi kwamba niliona wekundu wa shingoni, wakatuangalia wakaendelea kula. Akatupita mama mmoja na mtumbwi wa gogo la mkaratusi umejaa viazi anawahi soko, peke yake, kasia moja, na mtumbwi umenyooka kama umefungwa kwenye kamba, wakati ile mitumbwi mgeni akipanda inamzungusha palepale. Ndo maana nasema mgeni chukua kayaki, kasia lake la pande mbili linakupeleka unakotaka hata kama hujawahi. Na kwa sisi wa Ziwa Victoria tuliokua tunaogopa mamba, Bunyonyi hamna mamba wala viboko, unapumzisha kasia katikati ya maji bila wasiwasi.

Kitu kimoja kilinikera sana. Tulipokodi kayaki, walituletea malaifu jaketi ambayo vifungo vimekatika, eti tufunge kwa kamba. Nilikataa kupanda mpaka walipoleta mazima, na walikuwa nayo stoo! Lile ziwa kina kinaanza hapohapo ukingoni, hamna pa kusimama. Vaa, funga, vuta mabegani, likipanda mpaka masikioni omba lingine, na watoto msiwapandishe bila saizi yao. Nyota moja nimeikata kwa hilo tu, nimetoa 4 kati ya 5.

Chakula ulizieni kamba wa ziwani, mimi nilikula wa mchuzi na parachichi pembeni, watamu sana. Na badilisheni hela Mutukula au Kabale mjini, ziwani wenye boti wengi walitaka keshi ya shilingi ya Uganda.